Kufumba Si Kuficha: Programu za Mafumbo katika Mizani ya Pakruok ya Migori na Homa Bay

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno fumbo limezoeleka mno hata hutumiwa bila kuulizwa. Mhakiki akikutana na shairi ambalo maana yake haijitokezi mara moja, husema kwamba mshairi "ameficha" ujumbe wake, kisha akaishika kazi ya kuufichua. Kitenzi hicho, kuficha, kimepita mikononi mwa walimu na wanafunzi kwa miaka mingi bila ya kupimwa. Makala haya yanakusudia kukipima. Kipimo chenyewe huenda kikawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa upande wake mmoja umetoka katika ngoma na nyatiti za Migori na Homa Bay, na upande wa pili umetoka katika kazi ya waandishi wa programu za kompyuta ambao kwa makusudi, kwa mkono na kwa subira kubwa, huandika programu zisizosomeka.

Sanaa hii ya pili ndiyo isiyojulikana sana katika idara za lugha, hivyo hapana budi ianze kuelezwa. Mwaka 1984 waandishi wawili wa programu nchini Marekani, Landon Curt Noll na Larry Bassel, walianzisha shindano la kimataifa la programu zilizofumbwa, zinazoandikwa kwa lugha ya C. Asili ya shindano haikuwa mchezo bali kero. Wawili hao walikuwa wakisoma misimbo iliyoandikwa na watu wengine, na miongoni mwa iliyowatatiza ni ule wa Steve Bourne, aliyeiandika programu yake mashuhuri ya kupokea amri katika mfumo wa Unix kwa C iliyovishwa nguo za lugha nyingine, Algol 68, hata msomaji wa C akajiona mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Bourne hakukusudia kumfumba mtu. Aliandika kwa lahaja aliyoipenda. Noll na Bassel waliona kwamba ikiwa msimbo mgumu waweza kuandikwa bila kukusudiwa, basi yafaa kutazama ugumu huo utafika wapi ukikusudiwa. Waliweka wazi pia kwamba mojawapo ya shabaha zao ni kuonyesha thamani ya mtindo mzuri kwa njia ya kejeli. Mwalimu yeyote wa insha aliyepata kuwasomea wanafunzi wake insha mbovu kwa sauti anaijua njia hiyo.

Ili kazi hizi zihakikiwe kwa haki, lazima ifahamike kwamba programu ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mwandishi yawe amri za mashine. Wa pili ni binadamu. Wasomaji hawa hawatazami mambo yale yale. Kompaila ya C haijali nafasi kati ya maneno wala mahali mstari unapokatika. Haijali kama kitu kimepewa jina la "jumla" au "x" au "mbuzi". Binadamu huyategemea hayo yote. Mpangilio wa mistari humwonyesha kipi kimo ndani ya kipi, na majina humwambia kila kitu kina kazi gani. Basi mwandishi wa fumbo hukaa katika upenyo huo: huvuruga kila ambacho mashine haikijali na binadamu anakitegemea. Tena lugha yenyewe humpa silaha. Katika C, kitu kilichomo katika orodha iitwayo a, penye namba 2, huandikwa a[2]. Lakini sheria za lugha hiyo zaruhusu pia kuandika 2[a], na maana haibadiliki hata kidogo. Hakuna mtu mwenye haraka anayeandika hivyo. Ni kama msemaji kusema "mtoto ana mama" kwa kupitia "mama ana mtoto" kila mara, hata pale ambapo kila aliyepo anamtazama mtoto.

Kwa hiyo, uhuru wa mwandishi huyu ni uhuru ndani ya sheria. Kosa moja la nukta na mkato laiangusha programu nzima, na programu isiyotenda kazi haina nafasi katika shindano, hata iwe ngumu namna gani. Hapa ndipo mhakiki wa ushairi anapoanza kusikia sauti anayoifahamu. Mshairi wa arudhi naye hufanya kazi yake mahali ambapo sarufi haijali: sarufi ya Kiswahili haidai vina wala haihesabu mizani, na ndani ya kutojali huko shairi limejijengea nyumba.

Lakini si kila programu ya mafumbo ni kazi njema, na hapa uhakiki unapaswa kuchagua. Programu iliyosifiwa sana katika shindano la kwanza, mwaka 1984, iliandikwa na Sjoerd Mullender na Robbert van Renesse. Mahali ambapo C hutarajia maelezo ya kazi itakayofanywa, wao waliweka orodha ya namba tu. Namba hizo zilikuwa amri za mashine zenyewe, na kwa ustadi wa ajabu zilifanya kazi katika kompyuta za aina mbili tofauti, PDP-11 na VAX. Ustadi haukanushiki. Hata hivyo, kwa mizani ya fasihi kazi hii ina dosari kubwa: imeikimbia lugha. Msomaji wa C, hata awe bingwa, hana la kusoma mle. Atahitaji kitabu cha mashine. Ni sawa na mtunzi anayeahidi shairi la Kiswahili kisha akaleta beti zilizoandikwa kwa namba za simu. Si ajabu kwamba miaka iliyofuata waamuzi waliacha kuzipendelea programu zinazotegemea mashine ya aina moja tu.

Kazi ya Brian Westley ya mwaka 1988 ni ya daraja nyingine kabisa. Ukiitazama kwa macho, kabla ya kusoma neno lolote, unaona duara lililochorwa kwa vistari na alama za mkato wa chini, safu juu ya safu, nyembamba juu na chini, nene katikati. Programu hiyo hupiga hesabu ya pai. Nayo huipataje? Hulipima duara hilo hilo lililoandikwa nalo: kila alama ikitekelezwa huhesabiwa, eneo likalinganishwa na upana, na jibu likatoka. Mtu akitaka jibu lililo karibu zaidi na ukweli, na achore duara kubwa zaidi. Hapa fani si chombo kinachobeba maudhui. Fani ndiyo maudhui. Wahakiki wamezoea kuandika sentensi hiyo kuhusu mashairi mengi ambayo hayastahili kuambiwa hivyo, lakini katika kazi hii ni kweli kwa maana ya herufi. Tena hakuna kilichofichwa. Mpumbavu na mwerevu wote wanaliona duara. Wasichokiona ni kwamba picha ndiyo hesabu.

Kazi hiyo ina mkasa wa pili ambao walimu wa Kiswahili watauelewa upesi kuliko wahandisi. Iliandikwa kabla ya lugha ya C kusanifiwa nchini Marekani mwaka 1989. Kompaila za zamani zilisoma alama fulani zilizokaribiana kama kitu kimoja. Zile zinazofuata sanifu huzitenganisha. Basi programu ile ile, bila herufi moja kubadilishwa, ikisomwa kwa kanuni za sanifu haitoi pai tena. Usanifishaji uliliua fumbo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, jambo la aina hiyo liliyapata mashairi ya Muyaka bin Haji: michezo ya maneno iliyokuwa hai katika Kimvita imekuwa maelezo ya pambizoni kwa msomaji aliyefunzwa sanifu tu. Hakuna anayependekeza sanifu ifutwe. Inatosha kukumbuka kwamba fumbo hukaa kwenye kingo za lugha, na kingo ndizo sanifu inazozinyoa kwanza.

Mwaka 1990 Westley huyo huyo alirudi na kazi inayosomeka kwa macho kama mazungumzo ya mapenzi kwa Kiingereza. Lugha ya C ina maneno yake ya lazima, ya kutaja aina za vitu na kurudia matendo. Yeye aliyapanga kando ya majina aliyoyabuni hata yakaungana kuwa wito, lawama na utani baina ya wapenzi wawili. Ikitekelezwa, programu huchuma petali za ua moja moja, kwa zamu ya kupendwa na kutopendwa. Kazi hii hupendwa na wengi kuliko ile ya duara, lakini ni dhaifu kuliko hiyo. Mazungumzo yana mvuto wa mara ya kwanza, kisha msomaji huona jinsi maneno yalivyosukumwa ili yaingie mahali pake, kama kina kilicholazimishwa. Ama ile iliyoletwa na Szymon Rusinkiewicz mwaka 1994 ilikuwa faili tupu kabisa, isiyo na herufi hata moja, kwa hoja kwamba programu isiyo na kitu hutoa kisicho kitu na kwa hiyo imejichapa yenyewe. Waamuzi waliipa tuzo ya kuzivunja sheria vibaya kuliko zote. Ni mzaha mzuri, wa mara moja.

Swali linalobaki ni hili: kazi za namna hii ziwekwe katika kundi gani? Wapo wanaoziita ushairi wa mashine, na wapo wanaoziona kuwa upuuzi wa watu wasio na kazi. Jibu lafaa kutafutwa mahali ambapo usemi wa mafumbo ungali sanaa ya hadhara, yenye kanuni, na yenye gharama. Mahali pamoja ni upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili hukutana sokoni na ambako pakruok haijageuka kuwa kitu cha makumbusho.

Pakruok ni kujisifu, lakini tafsiri hiyo haifiki. Katika arusi, matanga au sherehe nyingine, mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane, au kundi la ohangla, huwa katikati ya wimbo. Msikilizaji husimama, akatoa pesa, na muziki ukanyamaza. Muda alioununua ni wake. Hataji jina lake. Hujitaja kwa njia ya mbali: kwa ukoo wa mama yake, kwa kijiji cha shemeji, kwa ndege au mti au samaki, kwa jambo lililotokea ambalo waliokuwepo wanalikumbuka. Mathalani, kwa mfano wa kutungwa, mtu atajiita jiwe la gatini ambalo mitumbwi yote hufungwa kwake, kaka wa yule binti wa Gwassi, rafiki wa aliyevuka Mto Kuja usiku. Akimaliza, nyuzi huanza tena, na pengine mwingine keshasimama kumjibu. Peter Amuka, aliyeichunguza pakruok pamoja na ngero katika maandishi yake, ameonyesha jinsi ambavyo usemi huu hauna maana moja iliyotulia. Unachezwa, na katika kuchezwa ndipo unapoishi.

La kuzingatiwa hapa ni kwamba msemaji wa pakruok hafichi neno lolote. Kila alichonacho amekisema mbele ya watu, kwa sauti, tena kwa kulipia. Mgeni aliyetoka mbali anaweza kuyasikia maneno yote, akayaandika yote, akayatafsiri yote, na bado asijue ni nani aliyetajwa wala kwa nini wazee kule nyuma wamecheka. Kinachokosekana si maneno, ni ujirani. Tena mwenye kujisifu kwa jina lake wazi angeonekana mshamba na mwenye majivuno. Ni ule mzunguko unaomhalalishia sifa. Ugumu wa usemi ndio adabu yake. Nao unapimwa papo hapo: kama hakuna hata mmoja aliyetikisa kichwa, pesa zimepotea.

Sasa programu ya mafumbo ikilinganishwa na usemi huo, kufanana kunaanzia pale pale: matini yote imetolewa. Kanuni za shindano la C haziachi nafasi ya siri. Msimbo wa mshindi huchapishwa wote, na yeyote mwenye kompaila aweza kuujaribu nyumbani kwake. Fumbo hilo limesimama mchana. Anayeshindwa kulifumbua hawezi kulalamika kwamba amenyimwa kitu; amepewa kila kitu, ila hajui pa kuanzia. Hii ndiyo maana ya kufumba. Kuficha ni tendo jingine, la kuondoa matini mbele ya msomaji au kumpa pungufu. Uhakiki wa Kiswahili umeyachanganya matendo haya mawili kwa muda mrefu, na mchanganyiko huo umewaumiza washairi. Shairi la "Mamba" katika Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyotungwa gerezani na kuchapishwa 1973, hufundishwa mara nyingi kana kwamba mnyama ni gunia na mtawala ni mzigo uliomo, na kazi ya mwanafunzi ni kulipasua gunia. Mwanafunzi wa namna hiyo akishapata jibu hulitupa shairi. Lakini mamba hakuficha kitu. Alisimama wazi mbele ya kila msomaji, pamoja na wale ambao wasingependa kumwona.

Kufanana kuna mipaka, na mpaka mkubwa ni msomaji wa kwanza. Pakruok humwendea jirani. Programu humwendea kompaila. Wapenzi wa sanaa hii husema kwamba mashine "inalielewa" fumbo ambalo binadamu ameshindwa nalo, na kwamba hapo ndipo penye uzuri. Dai hilo halisimami. Mashine haielewi, inatii. Kompaila haikutikisa kichwa kwa duara la Westley, wala haikujua kwamba ni duara. Kazi ya kompaila ni ile ya nyuzi nane zilizonyamaza: inathibitisha kwamba kanuni zimetunzwa na kwamba muda umelipiwa. Mwenye kucheka ni yule mwandishi mwingine wa C, mahali pengine, anayezijua sheria kiasi cha kutambua zimepindwa wapi bila ya kuvunjwa. Huyo ndiye jirani. Ujirani wake haukutokana na ukoo wala kijiji, bali na miaka ya kusumbuliwa na lugha ile ile. Kwa sababu hiyo hadhira ya programu hizi ni finyu, na sanaa yenyewe ina tabia ya kujisikia ambayo pakruok, pamoja na kuwa ni majisifu kwa jina na kwa tendo, imejua namna ya kuitia adabu.

Mpaka wa pili unahusu mkono. Ziko programu nyingi za biashara ambazo kazi yake ni kuuvuruga msimbo wa mtu mwingine: huchukua msimbo safi, zikabadilisha majina yote kuwa takataka, zikafuta mpangilio, zikatoa kitu ambacho macho hukikataa. Matokeo yake ni magumu kuliko kazi yoyote ya mkono, na hayana thamani yoyote ya sanaa. Waswahili wana kipimo cha jambo hili tangu zamani. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka 1870, alikitaja kinyume, ule usemi wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: kitabu kikawa bukita, nyumba ikawa mbanyu, "nenda sokoni" ikawa "ndane nisoko". Kinyume ni kufuli lenye ufunguo mmoja. Asiyeujua haingii kabisa. Aliyeujua huingia kila chumba, na ndani ya vyumba hakuna kilichobadilika. Watoto hukifurahia kwa wiki mbili tatu kisha wakakiacha, na wana haki. Fumbo lililotengenezwa kwa kanuni moja hufumbuliwa kwa kanuni moja. Fumbo la mkono, kila jiwe lake limechaguliwa.

Tamko hilo la jiwe si pambo tu. Huko Migori ipo Thimlich Ohinga, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018: maboma ya mawe ya karne ya 16, kuta zenye kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa wastani wa mita 1, yaliyojengwa bila udongo wala chokaa. Hakuna gundi. Kila jiwe limeshikwa na jirani zake, safu ya nje na safu ya ndani, na mawe madogo yakajaza kati. Milango yake ni mifupi na myembamba, hata mtu anayeingia hulazimika kuinama. Mlango upo, wala haukufichwa. Ila umemchagulia mgeni namna ya kuingia. Anayeingia akiwa ameinama si adui mwepesi wa kushambulia, lakini pia si mtu aliyefungiwa nje. Programu ya mafumbo iliyo njema humfanyia msomaji wake vivyo hivyo, na pakruok kadhalika.

Yote haya yangeweza kubaki mazungumzo ya wapenzi wa fani kama isingekuwa kwamba tofauti ya kufumba na kuficha imekuwa suala la haki za raia. Mwaka 2004 Daniel Horn aliendesha shindano la aina nyingine: washiriki waliandika programu ya kuhesabu kura ambayo kwa msomaji huonekana safi na nyofu, ila ndani yake humwongezea mgombea mmoja. Kutoka hapo Scott Craver, wa Chuo Kikuu cha Binghamton, alianzisha mwaka 2005 shindano la C ya hila. Waandishi wa makala za kompyuta huyaweka mashindano haya kando ya lile la Noll na Bassel kama ndugu. Si ndugu, ni kinyume. Programu iliyofumbwa ina sura ya kutisha na moyo mweupe. Ile ya hila ina sura nyeupe. Ya kwanza humwambia msomaji waziwazi, "Nimekufumba, jaribu", ya pili humwambia, "Hapa hapana fumbo, pita." Ikumbukwe kwamba waandalizi wa mashindano ya hila walikuwa na nia njema, ya kuwafundisha wakaguzi wa programu mahali pa kutazama. Lakini kwa uainishaji wa fani, kazi hizo ni uongo uliotungwa vizuri, na fumbo si uongo.

Watu wa Migori na Homa Bay hawakuhitaji kufundishwa jambo hili na mashindano. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti mwaka huo, na katika sababu zake ilizingatia kwamba tume ya uchaguzi haikuitii amri ya mahakama ya kuwafungulia walalamishi seva zake zikaguliwe. Neno seva likaingia katika Kiswahili cha sokoni na cha matatu pamoja na kitenzi chake, kufungua, na kila aliyelitamka alijua kwamba mtu hawezi kufumbua kitu ambacho hakupewa. Mwaka 2022 fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa katika mtandao, kila mwenye simu akazisoma na kujumlisha mwenyewe. Mabishano hayakwisha, kesi zilifika mahakamani tena na uamuzi wa Septemba 2022 haukumpendeza kila mtu. Hata hivyo aina ya ubishi ilikuwa imebadilika: watu walibishana juu ya matini iliyo mbele yao. Mhakiki anayeendelea kuwafundisha wanafunzi wake kwamba fumbo ni maficho anawanyima msamiati wa kutofautisha hali hizo mbili, na msamiati huo wanauhitaji nje ya darasa.

Kanda hii ina vyuo vikuu viwili vichanga, Chuo Kikuu cha Rongo kilichopata hati yake 2016 na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kilichopata yake 2022. Pasingekuwa na ugumu wa kuwaweka wanafunzi wa fasihi na wale wa kompyuta katika chumba kimoja kwa muhula mmoja, nyatiti ikiwa upande huu na duara la 1988 upande ule. Wa fasihi wangejifunza kwamba kuna matini ambayo jibu lake hupimwa kwa kutenda, si kwa kusifiwa na mwalimu. Wa kompyuta wangejifunza kwamba ugumu usio na hadhira ni kelele.

Lipo pia swali la lugha, ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mafumbo mengi mashuhuri ya C yamecheza na Kiingereza. Hakuna sababu ya kifundi ya kuwa hivyo. Maneno ya lazima ya C ni machache, yapata 32 katika sanifu ya 1989, na majina mengine yote ni hiari ya mwandishi. Kompaila itapokea "mwezi" na "mchawi" kama inavyopokea lolote. Kiswahili, chenye viambishi vinavyoliruhusu neno moja kubeba sentensi nzima, kina faida ambayo Kiingereza hakina: "hatukuwaona" ni jina moja mbele ya mashine na kisa kizima mbele ya msomaji. Mtunzi mwenye sikio angeweza kuandika programu ambayo kila jina lake ni kitenzi kamili, na msomaji akayasoma kwa mfululizo kama ushahidi wa shahidi mmoja, huku mashine ikiyapanga kwa utaratibu mwingine.

Kizuizi kitatokea katika ng'. Alama ya ritifaa ina kazi nyingine katika C, ya kuzungushia herufi moja moja, na haikubaliki ndani ya jina. Anayetaka kuandika ng'ombe atalazimika kuandika ngombe. Na kwa Kijaluo, ambacho kimejaa sauti hiyo, taabu itakuwa kubwa zaidi. Mashine itaridhika na ngombe. Mwalimu wa Kiswahili ataweka alama nyekundu. Jirani, yule aliyekusudiwa, atasoma "ngombe" na kusita kidogo kabla ya kupita, asijue kama ni kosa au ni mlango.